Nilivyosawazisha sauti kwa mita, nusu ya daftari langu ikafutika

Nna daftari langu moja la mistari, la kawaida tu, lina kurasa kama 40 zimejaa maelezo ya hedifoni, ampu (zinazoipa sauti nguvu ya kuendesha hedifoni) na DAC (vifaa vya kugeuza namba za faili kuwa sauti ya umeme) nilizowahi kusikiliza miaka yote hii. Kuna ukurasa nimeandika hivi: "Hii DAC ina besi nzito, imetulia, ile nyingine nyembamba nyembamba, muimbaji kakaa mbali." Niliandika nikiwa na uhakika kabisa, na kuna watu watatu nilishawashauri kwa maneno hayo hayo. Mwezi uliopita nikazirudia DAC zile zile mbili, safari hii ukubwa wa sauti nimeusawazisha kwa mita ya umeme na mdogo wangu ndo anabadilisha waya mimi nimegeukia ukutani, na sikuweza kuzitofautisha. Nilijaribu jioni mbili mfululizo, nikabadilisha nyimbo, nikapumzisha masikio, nikarudi tena, wapi.

Iliniuma, sisemi uongo. Ila baada ya uchungu kuisha nikagundua kuna tofauti zingine zilipita kwenye huo mtihani bila hata kutikisika, na hizo ndo nataka kuzieleza hapa, maana ukishajua zipi ni za kweli unasikiliza kwa utulivu ambao mimi binafsi sikuwa nao zamani.

Vifaa vyenyewe kwanza. Hedifoni tatu: Sennheiser HD 650, HiFiMAN Sundara, na Beyerdynamic DT 770 Pro ile ya omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Mbili za kwanza ziko wazi kwa nyuma, hii ya tatu imefungwa. Ampu tatu: moja ya transista ya kukaa mezani, moja ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka, ya aina ya OTL, yaani haina transfoma kwenye njia ya kutokea, na moja ni ile iliyomo ndani ya kiadapta cha Apple cha USB-C, kile kidogo kabisa cha kuchomeka kwenye simu. Vyanzo navyo hivyo hivyo, DAC mbili za mezani, kiadapta, na tundu la hedifoni la laptop. Kabati halijajaa ila kwa kazi hii vilitosha, tena vilizidi, maana ukichanganya kila kimoja na kingine unapata michanganyiko mingi kuliko jioni ulizonazo.

Sasa kwa nini mita. Sikio letu lina tabia moja ambayo kila mtu wa mchezo huu anatakiwa aijue kabla hajatoa hata hela ya kwanza: sauti ikiwa kubwa kidogo tu, kidogo ambacho hata hukitambui kama ukubwa, sikio linakuambia hii ni nzuri zaidi. Halisemi "hii iko juu", linasema hii iko wazi, ina mwili, ina hewa. Na besi nayo inaongezeka kuliko vingine, kwa sababu sauti ikiwa chini masikio yanaisikia besi kwa shida na ukipandisha inarudi haraka, jambo ambalo Fletcher na Munson wa maabara za Bell walishalichora kwenye grafu tangu 1933. Kwa hiyo DAC moja ikitoa volti kidogo zaidi ya mwenzake, ukizibadilisha bila kugusa kinobu cha sauti utasikia besi nzito na muimbaji karibu. Soma tena ule ukurasa wangu pale juu.

Nikapima. Kinobu cha ampu hakijaguswa, toni ile ile, DAC ya kwanza ilitoa milivolti 322 kwenye hedifoni, ya pili 300. Ukipiga hesabu hiyo ni desibeli 0.6 na kitu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti). Yaani ukurasa mzima wa daftari, na ushauri kwa watu watatu, ni milivolti 22.

Ntaeleza ninavyofanya maana nimeulizwa sana. Nachukua waya wa kugawa ule wa mdomo mmoja kuwa midomo miwili, upande mmoja nachomeka hedifoni, upande wa pili ndo wa kupimia, kwa sababu lazima hedifoni iwe imechomekwa wakati unapima, ampu nyingine ukiipa mzigo voltaji inashuka na ukipima bila mzigo unajidanganya. Alafu napiga toni ya hezi 400, yaani mitetemo 400 kwa sekunde. Multimita nyingi za kawaida upande wa AC zinasoma vizuri kuanzia hezi 50 mpaka 400 hivi, ukipanda juu sana zinaanza kusoma ovyo. Nasogeza kinobu taratibu mpaka namba zinalingana ndani ya asilimia 1, kwa milivolti 300 hiyo ni kukosea 3 tu, na hapo uko ndani ya desibeli 0.1 ambayo sikio haliwezi kukusaliti. Tahadhari moja, ncha za mita zisije zikagusana kwenye ile jeki wakati ampu inapiga, unaweza kuua ampu kwa sekunde moja. Mimi naziweka klipu kabisa, naachia mikono, ndo nawasha.

Toka nianze kupima, kila ukurasa mpya wa daftari unaanza na tarehe na milivolti.

Baada ya kusawazisha ndo mdogo wangu anaingia kazini. Tunafanya mara 16, yeye anarusha sarafu kuamua achomeke ipi, anaandika kwenye karatasi yake, mimi naandika kwenye yangu, hatuongei mpaka mwisho. Ukibahatisha tu utegemee kupata kama 8. Kufika 12 kwa bahati inatokea chini ya mara 4 katika 100, kwa hiyo 12 ndo nimeiweka kama mstari wangu, nikivuka nakubali kwamba nasikia kitu. Kwa zile DAC mbili nilipata 9, kesho yake nikapata 7. Siku ya pili aliniambia, "Kaka, kila ukikaa muda mrefu kabla ya kuandika unakosea, ukiandika haraka ndo unapata." Tukaangalia karatasi, hata hilo halikuwa kweli, ni sare tu kote.

Na nilijaribu pia faili za ubora wa juu, za 24 biti kilohezi 96, dhidi ya hizo hizo nimezishusha mwenyewe kuwa 16 biti 44.1, ile ya CD. Nilitaka sana nisikie, ntakuwa muwazi, kwa sababu nimekusanya mafaili makubwa makubwa kwa miaka na diski imejaa. Nilipata 8. Sishangai tena, maana CD tangu 1982 ilipoanza kuuzwa inabeba mpaka kilohezi 22 hivi, juu ya uwezo wa sikio la karibu kila mtu mzima, na 16 biti zinakupa nafasi ya desibeli kama 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mngurumo wa chini. Kusikia nafasi yote hiyo chumba chako kiwe kimya kuliko vyumba vyote vinavyoishi watu. Meyer na Moran walichapisha jaribio lao 2007 kwenye jarida la Audio Engineering Society, watu walisikiliza diski za ubora wa juu za SACD na DVD-Audio dhidi ya sauti hiyo hiyo imepitishwa kwenye mlango wa 16 biti 44.1, katika majaribio 554 walipatia 276. Asilimia 49.8. Sarafu ingefanya hivyo hivyo.

Mafaili yangu makubwa sijayafuta ila. Nyingi ya hizo rekodi zimeandaliwa upya kwa uangalifu, zile za zamani zilikuwa zimebanwa na kupandishwa sauti mpaka ngoma hazina pumzi, na hiyo tofauti inasikika hata kwenye simu. Sema sababu iko kwa fundi aliyekaa studio, biti hazihusiki. Faili ya kawaida ya FLAC inabeba kila kitu bila kupoteza, iko toka 2001, ni bure, na ndo maana ile MQA, aina nyingine ya faili iliyotaka kuwa mlango wa malipo katikati ya msikilizaji na muziki sikuwahi kuipenda hata siku moja, kampuni yake iliishia mikononi mwa wafilisi 2023 na sikusikitika.

Kuna chanzo kimoja kilianguka mtihani, nacho ni tundu la laptop. Hapa hata mdogo wangu hakuhitajika. Nikivaa DT 770 kabla muziki haujaanza nasikia kijisauti kama cha nyuki amenaswa ndani ya chupa, alafu nikisogeza mausi nyuki anapanda, nikiacha anashuka, nikifungua ukurasa mzito wa intaneti anakasirika kabisa. HD 650 inamsikia kwa mbali tu, sababu kwa volti ile ile DT 770 inatoa sauti kubwa kuliko HD 650, kama desibeli 4 hivi, alafu imefungwa, kelele za chumba haziingii kumfunika huyo nyuki. Nilipochomoa chaja ya laptop sehemu kubwa ya kelele ikapotea papo hapo, kumbe kelele ya umeme wa chaja ndo ilikuwa inaingia mpaka kwenye tundu. Kwa hiyo kabla hujanunua kifaa cha kusafisha umeme, chomoa chaja usikilize dakika moja.

Kiadapta kile kidogo kilifaulu. Kwa HD 650 na sauti iliyosawazishwa dhidi ya ampu ya transista nilipata 9 kati ya 16. Nakiheshimu sana kile kidude. Ila kina kikomo chake na hapa ndo hesabu za ampu zinaanza kuwa tamu.

Watu wanasema HD 650 ni ngumu kuisukuma kwa sababu ina omu 300. Ugumu wenyewe ni wa namna yake. Inatoa desibeli 103 ukiipa volti 1. Ukitaka vilele vifike 110, ambavyo ni vilele kweli, vile vya ngoma kwenye rekodi isiyobanwa, unahitaji desibeli 7 zaidi, hiyo ni volti 2.2 na ushee. Kwa omu 300 hizo ni kama miliwati 17 na mkondo haufiki hata miliampea 8. Kidogo sana! Inachotaka HD 650 ni urefu wa voltaji, mkondo haina haja nao. Sasa chukua hedifoni ya aina ya planari, yenye utando bapa, ya omu 37 inayotoa desibeli 94 kwa miliwati 1, ndo namba wanazozitaja kwa Sundara. Kufika 110 inataka miliwati 40, volti 1.2 tu, lakini mkondo miliampea 33. Zaidi ya mara nne. Ni hedifoni mbili zinazoitwa "ngumu" na kila moja inaomba kitu tofauti, na ndo maana mtu mmoja atakuambia ampu fulani inatosha na mwingine atakuambia haitoshi, na wote wanasema ukweli.

Kiadapta cha Apple kinatoa kama volti 1, ile ya soko la Ulaya kama nusu yake. Kwa hiyo HD 650 kwenye kiadapta inaishia desibeli 103 ukiwa umepandisha mpaka mwisho. Kwa muziki wa kisasa uliorekodiwa kwa sauti ya juu inatosha na kubaki, kwa orkestra au udi uliorekodiwa kwa staha utafika mwisho wa kinobu na bado unatamani kidogo. Na kwenye baadhi ya simu za Android kinatoa sauti ndogo kuliko hapo, maana volyumu ya ndani ya kiadapta inabaki chini na simu haiipandishi, watu wengi wamekiona kibovu kwa ajili hiyo tu.

Ampu ya mezani inakuondolea hayo mawazo. Inatoa voltaji ya kutosha na mkondo wa kutosha, haina mngurumo, na impidensi yake ya kutokea, yaani ukinzani wa ndani ya ampu yenyewe, iko chini ya omu 1. Baada ya hapo sikusikia chochote zaidi na sidhani kama kipo. Mtu aliyenifungua macho kwenye hili ni yule mhandisi aliyejiita NwAvGuy, 2011 alitoa mchoro mzima wa ampu yake ya O2 bure kwa yeyote anayetaka kuijenga, akaweka na vipimo vyake vyote, alafu 2012 akanyamaza, hajaonekana tena. Hakuwahi kutaja jina lake. Nimesoma maandishi yake labda mara tano na kila mara nafikiria ni mapenzi gani hayo ya kazi, mtu anakaa miezi anapima, anatoa kila kitu, anaondoka. Alipendekeza kanuni nyepesi ambayo mpaka leo naitumia, impidensi ya ampu isizidi sehemu ya nane ya impidensi ya hedifoni.

Na ampu yangu ya valvu inaivunja hiyo kanuni waziwazi. Hapo ndo nikapata matokeo ya kusisimua kuliko yote.

Impidensi yake ya kutokea ni kama omu 120. Kwa HD 650, dhidi ya ampu ya transista, sauti zimelingana kwenye hezi 400, nilipata 14 kati ya 16. Mdogo wangu alihesabu mara mbili. Nilisikia nini? Gitaa la besi lilikuwa na nyama zaidi, sauti ya kiume ilikuwa na kifua. Na sababu inapigika hesabu kwenye kipande cha karatasi, kitu ambacho nakipenda mno. Omu 300 za HD 650 ni jina tu, uhalisia ni kwamba kwenye hezi kama 100 hivi, pale draiva, ile spika ndogo ya ndani, inapotetema kwa asili yake, impidensi inapanda inakaribia 500. Ampu yenye omu 120 ndani yake inagawana voltaji na hedifoni. Pale hedifoni iko 300 inapata 300 katika 420, asilimia 71. Pale iko 500 inapata 500 katika 620, asilimia 81. Tofauti ni desibeli 1, imeinuka taratibu kuzunguka hezi 100, ambapo ndo gitaa la besi na kifua cha muimbaji vinakaa. Valvu zinang'aa vizuri gizani na zina upotoshaji wao mdogo mtamu pia, ila sehemu kubwa ya ule utamu ni kilima cha desibeli 1.

Nikataka kuhakikisha. Nikachukua ikwalaiza kwenye laptop, nikainua hezi 100 kwa desibeli 1 kwa upana wa kutosha, ila kwenye njia ya ampu ya transista peke yake. Tukarudia mara 16. Nikapata 10, chini ya mstari wangu. Mdogo wangu akasema, "Sasa si uiuze hiyo ya valvu?" Siuzi. Naipenda ilivyo, inachukua dakika mbili kupata joto na hizo dakika mbili zinanikalisha chini, simu naiweka mbali. Ninachojua sasa hivi ni kwamba naipenda kwa kitu gani, na nikisafiri naweza kukibeba hicho kitu ndani ya laptop.

Kwa Sundara ampu hiyo hiyo ya valvu haifai kabisa. Planari impidensi yake imenyooka kama rula, 37 chini, 37 juu, kwa hiyo hakuna kilima chochote kinachotokea, ila voltaji karibu robo tatu inapotelea ndani ya ampu. Unapandisha kinobu mpaka valvu zinaanza kulalamika. Ukitaka kusikia ushauri mbaya ni ule wa "ampu hii inaendana na kila kitu". Na kuna zilizo ngumu zaidi ya hapo, HE-6 ya HiFiMAN ilikuwa desibeli 83.5 kwa miliwati, hesabu ile ile ya vilele 110 inakufikisha karibu nusu wati, watu wakawa wanaichomeka kwenye ampu za spika za sebuleni. Zile za elektrostatiki kama Stax, ambao wako kwenye kazi hiyo toka 1960, ni dunia yao kabisa, zinataka ampu zao maalum zenye volti 580 za kudumu kwenye utando, sizigusi kwenye hii post.

Sasa hedifoni. Hapa hakuna mtihani wa kufumba macho unaowezekana, ukivaa tu uzito na pedi zinakuambia iko ipi, na kusawazisha kwa voltaji haisaidii maana kila moja ina usikivu wake, nafanya kwa sikio na kelele ya waridi, ule mvumo wenye besi mpaka trebo kwa pamoja, nakubali kukosea desibeli moja au mbili. Lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba desibeli moja haiwezi kuzielezea. Ni kama kuhamia chumba kingine.

HD 650, iliyotoka 2003 kama ndugu mdogo wa HD 600 ya 1997, ina sauti za kati ambazo sijasikia zikizidiwa, mtu akiimba unamjua umri wake. Besi ya chini kabisa inafifia, chini ya hezi 60 huko unaisikia kwa hisani, kama ilivyo kwa nyingi zilizo wazi zenye draiva ya koili. Sundara inashuka chini moja kwa moja bila kufifia hivyo, ule mpigo wa ngoma kubwa unaugusa, ukiisha unaisha. Utando wake wote unasukumwa kwa pamoja, njia za umeme zimechorwa juu ya utando wenyewe badala ya koili ya kugandishwa katikati. Watu wanasema ndo sababu ya huo wepesi, mimi nadhani mnyooko wa besi ndo unafanya kazi kubwa zaidi. DT 770 ina besi ya kutosha na trebo kali, herufi s za muimbaji zinachoma kidogo, kuna kilele pale kwenye kilohezi 8 hivi ambacho nimekishusha kwa ikwalaiza desibeli 5 na toka hapo tumeelewana.

Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walitumia miaka kadhaa kuwauliza wasikilizaji wanapenda hedifoni itoe besi na trebo kwa kiasi gani, kazi zao zilianza kutoka 2012, 2013 hivi, na wengi walichagua sauti inayofanana na spika nzuri ndani ya chumba kizuri, besi imeinuka kidogo, trebo inateremka polepole. Mimi naitumia grafu yao kama mahali pa kuanzia, alafu narudisha besi chini kidogo kwa sababu ndo ninavyopenda.

Na sasa kitu ambacho sikukitegemea kabisa. Pedi za HD 650 yangu zilikuwa za miaka minne, velveti imelala, sponji imebonyea mpaka sikio linagusa kitambaa cha draiva. Nikaweka mpya. Zile mpya zimenona, zimesimama, sikio likarudi nyuma labda milimita kadhaa, nikavaa, na nikakaa kimya. Trebo imefunguka, ule ukungu niliouandika kwenye daftari kama "tabia ya HD 650" ulikuwa pedi. Nikarudisha za zamani sikio la kushoto tu, mpya kulia, muimbaji akahama kutoka katikati. Hakuna ampu wala DAC iliyowahi kunifanyia hivyo.

Miwani nayo. Mimi navaa miwani, na kwenye DT 770 ule mkono wa miwani unainua pedi unaacha upenyo mdogo nyuma ya sikio. Hedifoni iliyofungwa besi yake inategemea huo mfuniko usivuje hewa. Vua miwani huku wimbo unapiga, besi inarudi yote kwa mkupuo, unaiona mpaka kwenye taya. Vaa tena, inaondoka. Miaka mingapi nimesoma watu wakibishana DT 770 ina besi nyingi au kidogo, sasa najiuliza wangapi kati yao wanavaa miwani.

Nasikiliza kama desibeli 75 siku hizi, zamani nilikuwa juu zaidi. WHO wanasema desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki ndo kikomo cha mtu mzima, na nikikaa na hizi hedifoni wikiendi nzima masaa yanaenda haraka. Haya masikio ndo chombo cha kwanza kwenye mnyororo wote, siwezi kuyasawazisha kwa mita yakishaharibika.

Mdogo wangu ameleta kebo ya balansi ya HD 650, ile ambayo kila sikio lina waya zake mbili, plagi yake ya milimita 4.4, ameazima, anasema tundu la balansi kwenye ampu ya mezani ni "kitu kingine kabisa". Nimempimia mbele yake, tundu la kawaida milivolti 300, la balansi kinobu hapo hapo milivolti 598. Desibeli 6. Ameiangalia ile namba muda mrefu. Jumamosi tunazisawazisha, na safari hii yeye ndo anageukia ukutani, mimi narusha sarafu.